Afya ya Familia: Misuli Huvuta, Haisukumi



Katika familia nyingi kuna mzee ambaye watoto wake wanampenda sana, na kwa kuwa wanampenda, hawamruhusu kufanya kazi yo yote. Akinyanyuka kuchukua kikombe, mkaza mwana anamwahi: "Mama, kaa tu, mimi nipo." Akishika ufagio, mjukuu anampokonya. Akitaka kwenda bustanini kuchuma mchicha, wanamwambia jua ni kali. Baada ya miezi michache mzee huyo hawezi tena kwenda msalani bila kushikwa mkono, nasi tunasema, "Ni uzee."

Mara nyingine ni uzee kweli, au ni ugonjwa. Lakini mara nyingi ni misuli iliyonyimwa kazi. Ili tuweze kuwasaidia wazee wetu, na sisi wenyewe ambao tutakuwa wazee kesho, inafaa tujue misuli ni kitu gani na inafanyaje kazi. Mwezi huu tuitazame pamoja. Hatutahitaji maabara, jiko na kisima vinatosha kutufundisha.

Nyama inayovuta

Mifupa haijisogezi yenyewe. Kinachoisogeza ni misuli, yaani ile nyama nyekundu ambayo tukiwa buchani tunaiita mnofu. Mwili wa binadamu una zaidi ya misuli 600 ya aina hii, na kwa mtu mzima hufikia asilimia 30 hadi 40 ya uzito wake wote. Mkubwa kuliko yote ni ule wa tako, unaotuinua tunapotoka chini au tunapopanda ngazi. Mdogo kuliko yote umo ndani ya sikio. Urefu wake hauzidi punje ya mchele, na kazi yake ni kukishika kifupa kimoja ili kelele kubwa zisituumize. Moyo nao ni msuli, na ukuta wa tumbo la uzazi pia, lakini hiyo ni misuli ya namna nyingine isiyongoja amri yetu. Leo tunazungumzia misuli iliyoshikamana na mifupa.

Mwishoni mwake msuli hugeuka kuwa kano, ile kamba nyeupe ngumu ambayo kila mpishi anaifahamu kwa kuwa haitafuniki. Jipapase nyuma ya mguu, juu kidogo ya kisigino: kamba nene unayoigusa ni kano, tena ndiyo nene kuliko zote mwilini. Kano ndiyo inayoushika mfupa. Msuli ukifupika, kano inavutwa, na mfupa unafuata.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Msuli unajua kuvuta tu, hauwezi kusukuma. Hata unaposukuma mlango, kuna misuli inayovuta mifupa ya mkono wako ili mkono unyooke. Kwa sababu hiyo misuli hufanya kazi miwili miwili. Kunja mkono kama unayeinua kikombe, kisha ulishike shavu la mkono huo kwa mkono wa pili. Limejaa na kuwa gumu. Sasa weka kiganja juu ya meza na uikandamize kwa nguvu. Shavu linalegea, na msuli wa nyuma ya mkono ndio unaokaza. Mmoja anapovuta, mwenzake anapewa amri ya kulegea.

Amri hiyo ya kulegea ni muhimu kama ile ya kuvuta. Ugonjwa wa pepopunda unatuonyesha hivyo kwa namna ya kusikitisha. Sumu ya vijidudu vyake huzuia amri za kulegea, basi misuli ya mbele na ya nyuma huvuta kwa wakati mmoja; taya hufungana na mwili hupindika kama upinde. Mtoto mchanga anaweza kuupata kitovu chake kikikatwa kwa wembe mchafu au kikipakwa samadi au udongo. Kwa hiyo mama mjamzito asikose chanjo ya pepopunda kliniki, na kitovu kiachwe kisafi na kikavu kama mkunga alivyoelekeza.

Pingili kama za muwa

Ukichemsha nyama ya ng'ombe hadi ilainike sana, unaweza kuichambua kwa vidole, uzi baada ya uzi. Kila uzi unaouchambua ni fungu la chembe hai nyingi za msuli. Chembe moja ni nyembamba kama unywele, lakini inaweza kuwa na urefu wa sentimita kadhaa. Ndani yake mna nyuzi nyembamba zaidi, na kila moja imegawanyika kama muwa ulivyo na pingili. Pingili hizo ni fupi mno. Katika milimita 1 zinaingia 400 hivi.

Ndani ya kila pingili mna nyuzi za protini za aina mbili. Zile nene huitwa miosini na zile nyembamba huitwa aktini. Zimepangwa kwa kupishana, kama meno ya vitana viwili yaliyoingizwa yakaingiliana. Nyuzi nene zina vichwa vidogo vingi pembeni. Amri inapofika, vichwa hivyo hushika nyuzi nyembamba, huvuta, huachia, hushika mbele kidogo, kisha huvuta tena. Mama anayevuta ndoo kisimani hufanya vivyo hivyo: mkono huu unavuta kamba, ule unasogea mbele kushika.

Mvuto mmoja wa kichwa kimoja ni mdogo ajabu, kama sehemu 1 ya 100,000 ya milimita. Lakini vichwa ni vingi mno na pingili ni maelfu kwa maelfu. Zote zikifupika kidogo kwa pamoja, msuli mzima unafupika kwa sentimita kadhaa, na mkono unainuka. Angalia kwamba nyuzi zenyewe hazijikunji wala hazifupiki. Zinapishana tu.

Kutokana na mpangilio huu tunaelewa kwa nini nguvu ya msuli inategemea unene wake. Nyuzi zilizolala sambamba ni kama nyuzi za katani ndani ya kamba: zikiwa nyingi, kamba inahimili zaidi. Kila sentimita mraba 1 ya msuli inaweza kuvuta kiasi cha kilo 3, na kwa hilo mwanamke na mwanamume hawatofautiani sana. Wanaume wengi wana nguvu zaidi kwa sababu misuli yao ni minene zaidi. Haikutengenezwa kwa kitu kingine.

Mwanamke aliyeiona siri hiyo

Zamani wataalamu wengi walidhani kwamba msuli ukikaza, nyuzi zake hujikunja. Ukweli ulianza kujulikana mwaka 1954, na mmoja wa waliouleta alikuwa mwanamke. Jean Hanson alizaliwa Uingereza mwaka 1919, akalelewa na mama yake baada ya baba kufariki yeye akiwa bado mchanga. Alisomea elimu ya viumbe London, na mwaka 1953 alikwenda Marekani kufanya utafiti. Huko alikutana na Mwingereza mwenzake, Hugh Huxley. Jean alikuwa hodari wa kutazama nyuzi hai kwa hadubini ya kawaida, Hugh alikuwa hodari wa hadubini ya elektroni. Walitazama misuli ya sungura na kuona kwamba ikifupika, nyuzi nene hazibadiliki urefu. Zinaingia tu katikati ya zile nyembamba.

Taarifa yao ilichapishwa katika jarida la Nature mwaka huo wa 1954. Toleo hilohilo lilikuwa na taarifa ya watu wengine wawili, Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, ambao kwa njia nyingine walifikia jibu lilelile. Huxley hawa wawili hawakuwa ndugu. Jean Hanson baadaye alikuwa profesa, na alifariki mwaka 1973. Akina mama wenye mabinti wanaopenda sayansi wangefanya vema kuwasimulia habari zake.

Amri, na nguvu ya kuachia

Unapotaka kuinua sufuria, ubongo hutuma amri kupitia uti wa mgongo na mshipa wa fahamu hadi kwenye msuli. Hapo mshipa humwaga kemikali kidogo, na umeme mdogo husambaa juu ya chembe ya msuli. Umeme huo hufungua ghala za kalsiamu zilizo ndani. Kalsiamu ikimwagika, nyuzi nyembamba hufunua mahali pa kushikwa, na vichwa huanza kazi. Amri ikikoma, kalsiamu hurudishwa ghalani na msuli unalegea.

Kazi yote hii hutumia kemikali iitwayo ATP, ambayo mwili huitengeneza kutokana na chakula. Jambo la ajabu ni kwamba ATP inahitajika hasa ili kichwa kiachie. Ikikosekana kabisa, vichwa hubaki vimeshikilia na haviachii. Ndiyo maana maiti hukakamaa saa chache baada ya kifo. Hata kuku aliyechinjwa hukakamaa, kisha hulegea tena baadaye nyama inapoanza kubadilika.

Uzi mmoja wa fahamu huamuru kundi la chembe. Katika misuli ya jicho kundi linaweza kuwa na chembe 10 tu hivi, lakini katika shavu la mguu zinazidi 1,000. Hivyo jicho linasogea kwa ustadi mkubwa, na mguu unasogea kwa nguvu kubwa. Kwanza ubongo huita makundi madogo. Mzigo ukizidi, ndipo huita makubwa. Kwa njia hiyo mkono uleule unashika yai bila kulivunja, na baada ya dakika moja unapasua kuni.

Kuna faida nyingine katika habari hii. Mtu akianza mazoezi, nguvu zake huongezeka katika wiki za kwanza hata kabla misuli haijanenepa, kwa sababu ubongo umejifunza kuita makundi mengi zaidi. Usikate tamaa ukiona mikono yako bado ni myembamba.

Paja na kidari

Unapokata kuku wa kienyeji, paja lake ni jeusi na kidari chake ni cheupe. Kuku hutembea kutwa, kwa hiyo miguu yake ina chembe zinazokaza polepole bila kuchoka, zenye rangi nyekundu inayohifadhi oksijeni. Mabawa huyatumia mara chache, anaporukia mti jioni au anapomkimbia mwewe. Kwa hiyo kidari kina chembe za kukaza kwa haraka ambazo huchoka upesi. Njiwa, anayeruka mbali, ana kidari chekundu.

Sisi binadamu tuna chembe za aina zote mbili zilizochanganyika katika kila msuli. Katika uzee zile za haraka ndizo zinazopungua zaidi. Bibi anaweza bado kutembea polepole hadi kwa jirani, lakini akijikwaa mguu wake hauwahi kumzuia, naye anaanguka. Mifupa ya uzeeni ikivunjika kwenye nyonga, mara nyingi huo huwa mwanzo wa kulala kitandani.

Kwa nini mzigo unazidi uzito wake

Shavu la mkono limeshika mfupa wa kigasha karibu sana na kiwiko, kama sentimita 5 tu. Kiganja kiko mbali, kama sentimita 35. Unaposhika mzigo wa kilo 5 mkono ukiwa umekunjwa, msuli unalazimika kuvuta mara 7 ya uzito huo, yaani kilo 35, bila kuhesabu uzito wa mkono wenyewe. Mwili umekubali hasara hiyo ili upate faida ya mwendo: msuli ukifupika kidogo tu, kiganja kinakwenda mbali na kwa haraka.

Hesabu hiyohiyo inahusu mgongo, na hapo ndipo akina mama wengi wanapoumia. Misuli ya mgongo iko kama sentimita 5 nyuma ya katikati ya uti. Ukiinama na kuinua ndoo ya kilo 20 iliyo sentimita 40 mbele yako, misuli hiyo huvuta mara 8, yaani kilo 160. Ukiisogeza ndoo hadi sentimita 20 kutoka uti, mvuto unakuwa kilo 80. Ndoo ni ileile, lakini mgongo umepunguziwa nusu ya kazi. Kwa hiyo karibia mzigo, kunja magoti, uvute mzigo ukukaribie kifuani, kisha inuka kwa miguu. Misuli ya mapaja na matako ndiyo mikubwa; waachie wakubwa kazi kubwa. Fanya hivyo pia unapomtoa mtoto kitandani au unapoinua sufuria ya uji jikoni.

Na ule mzigo wa kichwani? Mwaka 1986 watafiti, miongoni mwao Profesa Geoffrey Maloiy wa Kenya, walichapisha vipimo vya wanawake wa Kijaluo wanaobeba kichwani na wa Kikikuyu wanaobeba kwa kamba ipitayo kwenye paji la uso. Waliona kwamba akina mama hao walibeba hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nguvu zaidi ya zile za kutembea mikono mitupu. Kwa mama wa kilo 60, hizo ni kilo 12. Mzigo ukizidi hapo, gharama ilianza kupanda. Mwaka 1995 ilielezwa kwamba mwendo wao unafanana na pendulamu ya saa ya ukutani: kila hatua inarudisha sehemu kubwa ya nguvu ya hatua iliyotangulia, hivyo misuli hufanya kazi ndogo.

Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu wanawake wa Kixhosa wa Afrika Kusini haukuona nafuu hiyo kwa wote, na shingo huumia. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20, yaani theluthi ya uzito wa mama wa kilo 60. Inapowezekana, tumia ndoo ndogo na uende mara mbili. Na watoto wa shule wasibebeshwe ndoo ya mtu mzima.

Kuchoka na kuuma

Kwa nini mkono ulioshika ndoo unachoka upesi kuliko mkono unaotwanga? Msuli ukikaza bila kulegea huibana mishipa ya damu iliyo ndani yake, na oksijeni haipiti vizuri. Anayetwanga hukaza na kulegea, kwa hiyo damu inapita. Basi badilisha mkono mara kwa mara, na ukimbeba mtoto usimwache upande mmoja tu.

Maumivu ya kesho yake ni jambo jingine. Hayaletwi na asidi iliyobaki katika misuli, kama wengi walivyofundishwa. Hutokana na michubuko midogo sana ndani ya chembe, hasa kama msuli ulikuwa ukikaza huku unarefushwa. Aliyepanda na kushuka mlima anajua: kupanda humaliza pumzi, lakini kushuka ndiko kunakouma mapaja kesho yake. Maumivu hayo hupungua yenyewe baada ya siku chache, na mwili ukishazoea hayarudi kwa ukali uleule.

Misuli pia ni jiko la mwili. Katika nguvu inayotumia, kama robo tu huwa kazi. Iliyobaki huwa joto. Tukishikwa na baridi, mwili huamuru misuli itetemeke ili ipatikane moto. Mtoto mchanga hawezi kutetemeka vizuri, kwa hiyo akilowa au akiachwa wazi hupoa upesi. Mkaushe mara tu anapozaliwa na umlaze kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi.

Kitanda kinavyokula misuli

Sasa turudi kwa mzee wetu. Mwili hautunzi nyama isiyotumika. Kuanzia miaka 30 hivi, mtu hupoteza asilimia 3 hadi 8 ya misuli yake kila miaka 10, na baada ya miaka 60 kasi huongezeka. Akilazwa kitandani, hali huwa mbaya zaidi. Katika utafiti mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 2007, wazee wenye afya njema walikubali kulala siku 10 mfululizo. Walipoinuka, miguu yao ilikuwa imepoteza karibu kilo 1 ya nyama. Hawakuwa wagonjwa. Walikuwa wamepumzika tu.

Lakini kuna habari njema. Mwaka 1990 daktari mwanamke aitwaye Maria Fiatarone, pamoja na wenzake huko Boston, walichukua wazee 10 dhaifu waliokuwa wakitunzwa katika nyumba ya wazee. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 90. Kwa wiki 8 wazee hao walifanya mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu, mara 3 kwa wiki, tena uzito wa kutosha kuwachosha. Wazee 9 walimaliza. Nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, yaani zilizidi mara mbili na nusu ya zile za mwanzo. Wawili kati yao waliacha kutumia fimbo. Basi hakuna umri ambao msuli husahau kabisa kuitikia wito.

Mazoezi ya nyumbani kwa mzee

Kama mzee ana ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu, au ametoka kufanyiwa upasuaji, mwulizeni kwanza mganga wake. Kisha anzeni polepole.

Kuinuka kitini. Tegemezeni kiti imara ukutani. Mzee akae, ainuke hadi asimame wima, kisha aketi taratibu. Mwanzoni ajisaidie kwa mikono, baadaye aikunje kifuani. Aanze na mara 5, aongeze hadi 10, kisha apumzike na kurudia. Kule kuketi taratibu nako ni zoezi, asijitupe.

Kusimama kwa vidole. Ashike meza nzito, ainue visigino, ahesabu hadi tatu, ashushe. Mara 10.

Kubeba kidogo. Chupa yenye maji nusu katika kila mkono, kutoka jikoni hadi mlangoni. Wiki inayofuata mwongezeni maji.

Afanye hivyo siku 3 kwa wiki, akiacha siku moja katikati ili misuli ijijenge. Mazoezi yakiwa rahisi, yaongezwe. Msuli hauongezeki kwa kazi iliyoizoea. Na chakula kiwe na protini katika kila mlo: maharage, kunde, dengu, dagaa, samaki, yai, maziwa, karanga. Wazee wengi hushinda na chai na kipande cha mkate au muhogo kwa sababu meno ni mabovu. Basi saga dagaa au karanga ndani ya mchuzi, na uponde maharage.

Zaidi ya hayo yote, mrudishieni kazi yake. Akitaka kufagia, afagie. Akitaka kuchambua mchele, awekewe ungo. Neno la heshima kwa mama mkwe linaweza kuwa hili: "Mama, twende wote bustanini, unionyeshe majani mazuri." Heshima haipungui, na miguu inapata kazi.

Msuli tusioutaja

Kuna misuli ambayo huning'inia kama machela chini ya nyonga, ikishikilia kibofu, tumbo la uzazi na utumbo. Uzazi huichosha sana. Mama akipiga chafya au kucheka, mkojo unachuruzika, naye anaona haya kusema. Wengine huacha hata kwenda harusini. Huu ni udhaifu wa msuli kama ule wa mguu, na msuli huu nao unafundishika. Daktari Arnold Kegel wa Marekani aliandika juu ya mazoezi yake mwaka 1948.

Kaza kama unayezuia mkojo na upepo kwa wakati mmoja, bila kukaza tumbo wala kubana pumzi. Hesabu hadi 5, legeza kabisa, hesabu tena hadi 5. Rudia mara 10, na ufanye hivyo mara 3 kwa siku. Unaweza kufanya ukiwa umekaa kwenye basi, hakuna atakayejua. Vumilia miezi 3 kabla ya kusema haisaidii. Lakini kama mkojo unatoka mfululizo usiku na mchana baada ya uzazi mgumu, hiyo huenda ni fistula. Mazoezi hayataitibu. Nenda hospitali, kwa sababu hushonwa.

Usingoje nyumbani

Mpeleke mgonjwa hospitali mara moja kama:

upande mmoja wa mwili au wa uso umelegea ghafla;

mguu au mkono wa mtoto umelegea ghafla, kwani polio lazima ichunguzwe;

shavu la mguu mmoja limevimba na kuuma, hasa baada ya kujifungua au kulala muda mrefu;

mkojo umekuwa kama chai ya rangi baada ya kazi nzito sana.

Na mtoto wa kiume wa miaka 3 hadi 5 ambaye huanguka mara kwa mara, mwenye mashavu ya miguu yaliyojaa kupita kiasi, na ambaye akitaka kusimama hujipanda mwenyewe kwa kuweka mikono juu ya magoti na mapaja, asiitwe mvivu. Huenda ana ugonjwa wa misuli aliozaliwa nao. Mwoneshe kwa daktari wa watoto.

Leo jioni, kabla ya kulala, mwombe mzee wa nyumbani kwako ainuke kitini mara 5 bila kushikwa, nawe usimame karibu naye. Mhesabie kwa sauti. Akifika mara 3 tu, andika 3 kwenye kalenda ya ukutani. Wiki ijayo mhesabie tena.